Foronya ya Nionios

Foronya ilijikunja yenyewe mkononi mwa Rubini. Diamantina aliiona vizuri kutoka dirisha la jikoni, maana nyumba za dada hawa wawili zinatazamana kama wagomvi. Ilikuwa foronya ya kitanda cha Nionios, mtoto wa Rubini, nayo ilifungwa mdomo kwa kamba ya kiatu. Rubini aliingia ndani akatia komeo. Tangu lini mtu wa kijiji hiki akajifungia asubuhi?

Ilikuwa tarehe kumi na moja Agosti. Siku hizo kijiji kizima huinama, bibi kwa mjukuu, kupekua magofu ya mnara wa kanisa na kuta za mashamba. Huwatafuta nyoka wa Bikira: wembamba, wapole, wenye alama ya msalaba kichwani. Anayempata humtia kwenye chupa na kumpitisha nyumba kwa nyumba aonekane. Siku ya sikukuu, tarehe kumi na tano, wote hupelekwa kanisani na kumiminwa kwenye mtungi mmoja. Mzee wa kanisa huwa wa kwanza kutia mkono na kumvaa nyoka shingoni, na mwaka huwa mwema. Wasipotokea ni balaa. Mwaka wa tetemeko hawakutokea.

Nyoka wa kufichwa kwenye foronya alikuwa nyoka mwingine, na Diamantina alimjua. Memos, mchunga mbuzi, ndiye aliyemtia wasiwasi alipomletea maziwa.

"Shangazi, dada yako ana nini? Juzi kaniuliza mawe yapi yana nyoka wa pembe, yule mwenye sumu aliyeniulia mbuzi. Nikamwonyesha. Nikamwambia, pale ukitia mkono, daktari atakukuta umekauka."

"Akasemaje?"

"Kanishukuru sana."

Kwamba nyoka huyo alikusudiwa nani, hilo halikuhitaji mpiga ramli. Miaka miwili nyuma mlima uliungua na mizeituni yote. Panagis, mwenye shamba kule mlimani, aliapa mahakamani, mkono juu ya Injili, kwamba alimwona Nionios na kiberiti. Mchana ule Nionios alikuwa amelala kwao, lakini nani humsadiki mama wa mshtakiwa? Kijana alipata miaka minane jela. Panagis yeye alipata heshima: mwaka huu walimchagua mzee wa kanisa.

Siku ya hukumu Rubini alisema neno moja tu. "Atalia mbele ya watu kama nilivyolia mimi."

Diamantina alivuka njia akagonga.

"Dada, fungua."

"Nafua."

"Kwenye kasha la Nionios kuna nini? Nasikia mpaka huku."

"Nguo zake."

"Nguo gani hizo zinafoka?"

"Nenda kapike, mdogo wangu."

"Dada, kuua ni dhambi."

"Nani kakwambia naua?"

Siku zilizofuata Rubini aliendelea kutoka kabla ya wote, na wengine walipoanza kuinama yeye alikwisha rudi. Diamantina alidhani anamtafutia yule nyoka mwenzake, iwapo wa kwanza angeshindwa kazi. Jua lilikuwa kali mno, watu wakasema nyoka wa Bikira wamejichimbia na watatoka siku yenyewe. Mkesha wa sikukuu Panagis aliketi mbele ya mkahawa na kahawa yake, akamwita Rubini akipita.

"Mama Nionios, mbona mikono mitupu? Hata nyoka wanakukimbia siku hizi?"

Rubini akatabasamu, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Diamantina hakulala.

Asubuhi kanisa lilijaa. Rubini alikaa mbele kabisa, karibu na mtungi, mkoba mapajani. Diamantina alijibana ubavuni mwake na kuuwekea mkoba ule mkono.

"Mwenye nyoka alete," kasisi akasema.

Watu wakatazamana. Chupa zote zilikuwa tupu. Panagis akatoka mbio hadi kwenye magofu, akaingiza mkono kila tundu, akarudi amechubuka vidole na hana kitu.

"Mwaka wa tetemeko ilikuwa hivihivi," bibi mmoja akasema. "Mwenye mkono mchafu hawamjii."

Macho yote yakahamia kwa mzee wa kanisa. Ndipo taa ya dari ikayumba kidogo kwenye mnyororo wake. Kisiwa hiki hutikisika kila wiki na hakuna anayetua kikombe chake. Lakini bibi yake Panagis alifukiwa na kifusi mwaka ule wa tetemeko, akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Akapiga magoti chini ya picha ya Bikira.

"Nilikuwa nachoma magugu," akasema. "Upepo ukanizidi. Nionios hakuwepo. Mama, wasamehe hawa, unichukue mimi." Alilia kwa sauti kama mtoto, kamasi zikimtoka. Askari wa kituo, aliyekuja kusali kama wengine, alivaa kofia yake akamwinua taratibu.

Diamantina akaufungua mkoba. Ndani yake mlikuwa na leso tu. Machozi yakamtoka kwa shukrani: dada yake alishindwa kuua, na Mungu amemtendea mwenyewe. Wanawake walipomzunguka Rubini kumkumbatia na kumwomba radhi, Diamantina alichomoka, akachukua jembe uani na kuingia nyumbani kwa dada yake kummaliza yule nyoka wa pembe kabla hajamdhuru mtu.

Akainua jembe, na kwa ncha ya kiatu akafunua kasha.

Nyoka wembamba walijaa humo mpaka ukingoni, wamejilaza kwa upole juu ya mashati ya Nionios, kila mmoja na msalaba wake kichwani.