Neno la Kumwambia Paco

“Vete!” Wakesho alifoka, na Paco akaondoka kweli.

Alipita langoni bila kugeuka nyuma. Walimpata baada ya saa mbili kule Maungu, ameketi mbele ya bucha, madereva wa malori wakimshangaa. Yeye na Wakesho walirudi kwa miguu, hawatazamani.

“Kwani ulimwambia nini?” aliuliza Muinde, mkuu wa walinzi wa ranchi.

“Nilitaka aache nyama ya wenzake, afande. Kumbe nimemwambia aende zake.”

Kosa lilianzia kwenye Kiingereza. Paco alizaliwa Uhispania, akafunzwa kazi huko, na hakuna aliyemshinda kugundua pembe za ndovu, hata zifichwe chini ya magunia ya vitunguu. Karatasi alizokuja nazo ziliandikwa kwa Kiingereza, ila yeye mwenyewe alielewa Kihispania tu. Wakesho, aliyepangiwa kushika doria naye, alitegemea simu yake. Akiandika “leave”, inamletea maneno matatu: la kuondoka, la likizo ya kazini, na la kuacha kitu. Alikuwa ameokota la kwanza.

“Nawapa mpaka Ijumaa,” Muinde alisema. “Msipoelewana, huyu anarudishwa kwao, na wewe unarudi kulinda lango.”

Wakesho alijifunza akipika, akajifunza akifua. Jumanne alijaribu “permiso”. Paco alimtazama kama anayemhurumia. Likizo ilikuwa bado mbali. Jumatano alijaribu “déjalo”, lakini aliisoma ile j kama ya jembe, na Paco hakugeuza hata shingo. Alhamisi ndipo alipobonyeza alama ya spika kwenye simu, akasikiliza vizuri. Kumbe husemwa dehalo! Alilirudia mpaka mamake akamuuliza kama ana homa.

Ijumaa asubuhi walifuata ua wa ranchi, Muinde nyuma yao. Chini ya kichaka kulikuwa na kifurushi cha gazeti kilichofunguka. Ndani yake mlikuwa na nyama, imenyunyiziwa unga wa buluu. Wawindaji haramu walikuwa wametega sumu.

Paco, mpenda nyama, tayari alikuwa amekiinamia.

“Vete” ndilo lililomjia Wakesho ulimini. Akalimeza. Akilisema hilo, Paco ataondoka, na nyama ataondoka nayo.

“Dehalo! Paco, dehalo!”

Paco akaganda. Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, nyama akaiacha pale pale.

Muinde akavua kofia, akajifuta jasho. “Haya,” alisema. “Huyu haendi popote.”

Wakesho akapiga magoti, akamkumbatia shingoni, akimsifu kwa Kidawida, lugha ya kwao, kwa sababu Kihispania chote kilikuwa kimemwishia. Paco hakuelewa hata neno moja. Alimlamba pua tu, akatikisa mkia.