Mvinyo Mtamu
Tausi, mwonjaji wa hoteli, alionja mvinyo mwekundu wa bei nafuu kutoka Chile, akaandika: "Mtamu." Alimaanisha umempendeza. Bwana Lyatuu, mwenye hoteli, akadhani una sukari, akauagiza kwa harusi ya bintiye.

Sasa wageni walikuwa wakikunja nyuso.

"Mwonjaji mwenyewe huyu hapa!" Bwana Lyatuu alimvuta katikati ya ukumbi. "Haya binti, onja tena. Mtamu, si mtamu?"

"Ulimi huo umezoea ukwaju!" shangazi wa bibi harusi alidakia. Watu wakaangua kicheko.

Tausi akaonja. Haukuwa na sukari hata chembe, na ulikuwa mtamu kuliko siku ile. Akiukana, kazi hana, akiusifu, watamzomea. Akameza. Ukumbi mzima ukaitazama midomo yake iliyogeuka zambarau.