Nafasi ya Vidole Vitatu

"Acha nafasi ya vidole vitatu baina ya bibi harusi na shangazi yake," Phares, bwana harusi, alimnong'oneza mpiga picha. "Wembe upite bila kumgusa mtu."

Njogu hakushangaa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipiga picha za harusi ndogo ndogo katika bustani za Eastlands, na hakukuwa na harusi isiyokuwa na mtu wa kukatwa pichani: binamu mlevi, jirani mgomvi, mchumba wa zamani aliyejialika. Watu wa aina hiyo aliwasimamisha pembeni, mbali kidogo na wenzao. Hata hivyo, safari hii aliuliza.

"Pamoja na mjomba wake?"

"Wote wawili. Mwezi ujao tunahamia Buruburu. Picha itakaa sebuleni, na mgeni wetu wa kwanza atakuwa meneja wangu wa benki. Nimweleze nini kuhusu mama muuza sukuma wiki wa soko la Muthurwa?"

"Na nakala atakayopelekewa nyanya yake?"

"Kata nakala zote. Nyanya haoni vizuri. Hatajua nani hayupo."

Hatua tatu kutoka hapo, Ndanu, bibi harusi, alikuwa ameinama akirekebisha upindo wa gauni alilolishona mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa katika karakana ya sare za shule kando ya Jogoo Road, na wenzake walimsifu kwa kupima kwa macho, bila futi. Hakuinua uso.

Asubuhi hiyo, kabla ya ibada, alikuwa amemwomba Njogu jambo moja tu: picha ya watu wake, ya kumpelekea nyanya yake aliyemlea huko Kitui, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri. "Nyingine zote ni za Phares," alisema. "Hiyo moja ni yangu."

Bustani ya kanisa la Mbotela haikuwa kubwa. Ilikuwa na nyasi zilizofyekwa jana yake, ua wa bogenvilia na mfereji uliodondosha maji bila kukoma. Wageni hawakuzidi kumi. Mjomba Muasya, mchonga vinyago, alikuwa amekuja na fremu ya mti aliyoichonga kwa ajili ya picha ya nyanya. Phares aliipokea, akaigeuza mara mbili.

"Ni nyembamba, mzee. Hatutaenea."

"Mti si mpira, kijana," mjomba alijibu. "Mtabanana."

Njogu aliwapanga. Upande wa kushoto mjomba, kisha shangazi Kavutha, kisha ile nafasi. Halafu bibi harusi, bwana harusi, na marafiki wawili wa benki.

"Wewe mpiga picha!" shangazi aliita. "Viatu vyangu vionekane! Ni vya kuazima. Kesho vikirudi kwa mwenyewe, nani ataniamini?"

Watu walicheka. Phares hakucheka.

"Vitaonekana, mama," Njogu alisema.

Aliinama nyuma ya kamera. Phares alikuwa amekunja kiwiko tayari kushikwa mkono, kifua mbele, macho kwenye lenzi kama anayetazamwa na meneja mwenyewe.

"Tayari. Moja, mbili..."

"Ngoja kidogo," Ndanu alisema. "Jua linanichoma macho." Akasogea kidogo, akatulia. "Haya, endelea."

"Tatu." Njogu alibofya akitazama kando; hakutaka kumwona shangazi.

Alhamisi iliyofuata Ndanu alifika studio peke yake, fremu ikiwa imefungwa kwa gazeti. Bahasha ya picha ilikuwa imeletwa saa hiyo hiyo kutoka maabara ya mjini, na Njogu hakuwa ameifungua. Kwa siku tano hakuwa amelala vizuri.

"Dada," alianza, macho yake mezani, "bwana wako aliniagiza niwakate watu wako, nami niliacha nafasi. Nisamehe. Nitakupa picha nzima, hata akija hapa kunigombeza."

"Nilisikia alivyokuagiza."

"Ulisikia?"

"Na fremu ni nyembamba, uliona mwenyewe. Kata tu, Bwana Njogu."

"Na shangazi je? Na vile viatu vyake?"

"Fungua bahasha, upime kwanza."

Njogu alitoa nakala mbili, akaiweka fremu juu ya moja, akashika rula na wembe. Akaitafuta nafasi kando ya shangazi. Hakuiona. Shangazi na Ndanu walikuwa wamebanana bega kwa bega, mikono imeshikana, na viatu vya kuazima viking'aa juu ya nyasi. Mjomba, shangazi na bibi harusi waliienea fremu sawasawa, kana kwamba ilichongwa kwa kipimo chao.

Nafasi ya vidole vitatu ilikuwa upande wa pili wa Ndanu, mbele ya kiwiko cha Phares kilichokunjwa kikisubiri mkono.

"Hapo hapo," Ndanu alisema. "Na kama alivyoagiza, nakala zote."