Chura wa Mtungini

Sheria ya bonde letu ni fupi: mnyama wa mwituni au wa mtoni akikaa kwako siku tatu, nyumba ni yake na wewe ni mgeni. Ndiyo maana kila asubuhi, hata kabla ya shikamoo, tunakagua pembe zote kwa fagio. Jirani yetu, Mzee Shemdoe, alihamishwa na mbega aliyejikalia darini. Nilimtania, "Mzee, ungemwomba basi akuachie hata jiko!"

Leo Mama amefunua mtungi achote maji ya chai, akachungulia. Chura mdogo wa kijani alikuwa ametulia humo kama mwenye mji.

"Maji haya nani kayachota?"

"Mimi, Mama. Juzi."

"Ukayachuja kwa kitambaa?"

Sikuwa nimeyachuja. Nikahesabu kwa vidole. Juzi, jana, leo.

"Nimfukuze upesi, Mama?"

"Yeye atafukuzika. Na hawa?"

Mayai yalikuwa yamegandamana ndani ya mtungi, kila moja na kidoa cheusi, kama macho yanayotutazama.

Mama akarudisha kifuniko taratibu, akanitoa nje. Mlangoni, kigingi cha kijani cha mpaka, kile kinachoota nyumba ikibadili mwenyewe, kilikuwa kimeshachomoza, na hakuna aliyekipigilia.

"Mwanangu," akanong'ona, "piga hodi kwanza, ndipo uingie kuchukua nguo zako."