Siku Umma Alipokwenda Uwanjani

Mashabiki walipoanza tu kuimba, Umma, kama walivyomwita mama huko kwao, aliinuka, akazima televisheni, akarudi jikoni kwenye mikate yake ya mchele. Mkwewe Jasila akabaki amekodolea macho kioo cheusi.

"Yaani Umma! Ikka alikuwa anapiga kona!" Ikka ndivyo alivyomwita mumewe.

"Na aipige. Nani kamkataza?"

Ndivyo ilivyokuwa tangu Jasila aolewe katika nyumba ile ya Manjeri, mkoani Malappuram, kusini mwa India. Na Malappuram ni kwa watu wa mpira jamani. Huko hata vikongwe wasiojua kusoma wanajua nani kaotea. Kiungo hodari kuliko wote waliotoka pale alikuwa mumewe, Nishad, aliyeng'ara Kolkata na Goa, akavaa na jezi ya taifa. Vijana walinyoa kama yeye. Lakini mama aliyemzaa hakuwahi kukanyaga uwanjani.

Hata jina lake hakumwita nalo. Alimwita Maanu, jina la nyumbani, na hilo halikumshangaza Jasila, kwani kwao pia kila mtoto alikuwa na la kwake. Kilichomshangaza ni alfajiri. Juu ya mswala, Umma alikuwa akimtaja Nishad katika dua, tena kwa machozi. Sasa mtu gani anamlilia mwanawe kwa Mungu kisha hataki kumtazama?

Mwaka huo magoti yalikuwa yamemwishia Nishad. Wachezaji wenzake walimwita babu. Daktari wa klabu alizitazama picha za mifupa akaguna: magoti ya mtu wa miaka thelathini na miwili hayawi hivi. Nishad alicheka tu, akasema yake yalianza kazi mapema. Kisha akatangaza kwamba mechi ya Jumapili, hapo hapo nyumbani Manjeri, ndiyo ya mwisho.

"Umemwambia Umma?" Jasila alimuuliza.

"Nimemwambia. Kasema anachemsha maharage." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "India nzima imenipigia makofi, Jasi. Nikimaliza mechi huwa natazama jukwaani kama mjinga, labda kaja." Akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Jasila hakuvumilia. Alimfuata mkwewe jikoni, amejifunga kibwebwe.

"Umma, nisamehe, leo nitasema. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi ni roho gani hiyo? Watu baki wanalala foleni wamwone, wewe mamake unachemsha maharage!"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Umma alisema polepole. "Wewe bado hujazaa."

Neno lile lilimchoma Jasila, lakini hakurudi nyuma. "Sijazaa, lakini nina macho. Mtu mzima analia chumbani kwa sababu yako."

Umma aliweka mwiko chini. "Mpira ulininyang'anya mtoto, Jasila. Tulikuwa Nilambur, hatuna mbele wala nyuma. Chuo cha mpira kikaja kuchagua watoto, mwisho miaka kumi na miwili. Wenye vipaji walirudishwa wakilia, kisa wamezidi umri. Maanu alirudi amechaguliwa. Baba yake, Mungu amrehemu, aliniomba nikubali jambo moja tu. Nikakubali. Tukahamia huku, na tangu siku ile sijapata raha."

Kumbe ni hilo, Jasila aliwaza. Mtoto kwenda kulala bweni! Mama wangapi wamewapeleka watoto bweni na hawakununa maisha?

"Hayo yamepita," akasema. "Kesho kutwa nayo itapita, na hairudi. Mwanao ataagwa peke yake kama yatima, na mama yu hai, hatua chache kutoka uwanjani. Ukiweza kuishi na hilo, haya, chemsha."

Umma alikaa kwenye kibao chake. Maharage yakaungua, wala hakuyaepua.

"Nitakwenda," akasema.

Jumapili uwanja ulifurika hadi watu wakapanda nguzo za taa. Umma alikaa kando ya Jasila, ushungi ameuvuta hadi kwenye nyusi. Kila mara watu walipoimba, alifumba macho. Zilipobaki dakika chache kocha alimtoa Nishad. Wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga kumpigia makofi, naye akapita katikati yao akichechemea. Ngoma zikalia. Uwanja mzima ukasimama.

"Ni-shad! Ni-shad! Ni-shad!"

Naye, kama kawaida yake, aliinua uso akatafuta jukwaani.

"Umma, anakutafuta!" Jasila alimshika mkono. "Mwite! Mara moja tu, akusikie!"

Umma alisimama. Alishika chuma kilichokuwa mbele yao, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo Jasila hakujua kama anayo.

"Munir! Munir wangu! Munir!"

Katikati ya kelele zile zote, mwanamume yule alisimama ghafla. Aligeuka upande wao, akamwona mamake. Akapiga magoti kwenye nyasi, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

Jasila naye alikuwa akilia, lakini alichanganyikiwa. "Umma, Munir ni nani?"

"Ndiye huyo mumeo," Umma alisema, bila kumwondolea macho. "Nishad alikuwa mdogo wake. Alikufa ana miaka mitatu. Cheti chake cha kuzaliwa ndicho alichoingilia Munir chuoni, mwanangu, na kila wanapomwimba mimi namzika upya."