Wewe

"Wewe!" mzee mmoja alimwita mkewe katikati ya jumba la makumbusho, na nusu ya watalii wakageuka.

Mkewe, fundi cherehani, alimsikia vizuri. Alikuwa kwenye benchi nyuma ya nguzo akipumzisha miguu. Alifungua kinywa aitike, kisha akakifunga. Hebu leo aniite jina langu, alijiambia.

Hawakujaliwa mtoto wa kumwazima jina, aitwe Mama Fulani, kwa hiyo tangu harusi amekuwa "wewe". Nyumbani ilitosha, maana walikuwa wawili tu. Lakini jiji hili walilokuja kutembea lilijaa watu pomoni.

"We! Wee!"

Jasho lilimtiririka mzee wa watu hadi kwenye shati jipya alilomshonea kwa safari hii. Mwishowe akamwendea mlinzi.

"Nimepotelewa na mke wangu."

"Pole, mzee. Anaitwa nani, tumtangaze?"

Mumewe alikuna kisogo. Nyuma ya nguzo, mkewe akainuka taratibu, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi.

"We mwambie tu mumewe anamngoja mlangoni."

Kipaza sauti kikakoroma: "Mke anayengojwa na mumewe, afike mlangoni."

Katika ukumbi mzima, wanawake kadhaa wakasimama. Yeye akaketi.