Neno Nililoliongeza kwenye Somo la Tatu

Siku hizi kijana akiingia chuo kikuu, Kiswahili chake kinalazwa usingizi kichwani, hata kukielewa hawezi, mpaka avuke kiwango cha kati cha Kiingereza. Masomo yanamwingia usingizini, popote alipo. Mimi, mzururaji niliyeokota Kiingereza migodini na kwenye majiko ya meli, ndiye ninayeyapanga. Neno nisiloliweka, mwanafunzi hana.

Mjukuu wetu Tumpe alikuja likizo akiwa amefika somo la pili. Siku hiyo hiyo mke wangu akaungua mkono kwa chungu cha maharage. Tumpe akamkimbilia, machozi yanamtoka. "Sori! Sori!"

"Sori ya nini?" mke wangu akaniuliza. "Kwani yeye ndiye aliyeniunguza?"

"Anakupa pole, Mama Lusajo."

"Pole gani hiyo ya kuomba msamaha? Mtoto mmeshamharibu, wewe na chuo chako."

Akamnunia kutwa nzima, na Tumpe asijue kosa lake. Mimi nikaketi mezani, nikachomeka "pole" katikati ya maneno ya Kiingereza ya somo la tatu. Wakubwa wa chuo walilipitisha. Nadhani waliona haya kuuliza.

Wiki iliyofuata Tumpe alimkuta bibi yake akifungua kitambaa cha kidonda.

"Pole," akasema.

Mke wangu akacheka, akamkumbatia kwa mkono ule mzima. Nami nikashusha pumzi.

"Nimeshapoa, mjukuu wangu," akamjibu. "Nimeshapoa kabisa."

Tumpe akatabasamu kwa adabu, kisha akanigeukia mimi, akingoja nimtafsirie.